Waziri wa Meza ya Plastiki

Mtu yeyote akiingia, yeye alisimama. Hata mtoto wa jirani aliyekuja kuomba mpira wake ulioruka ukuta. Magoti yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo kusimama kwake kulikuwa kazi. Alishika kwanza ukingo wa meza, akavuta pumzi, akainuka, akafunga kifungo cha koti, ndipo akasema, "Karibu, tafadhali." Mimi nilikuwa nimezoea kusimama mbele ya watu waliokaa. Siku ya kwanza sikujua niangalie wapi, nikaangalia viatu vyake. Viling'aa.

Tulimwita Waziri kwa sababu alikuwa waziri kweli, katika serikali ya Uingereza, zamani, kabla mimi sijazaliwa. Mke wake alikuwa mtu wa Durban, Afrika Kusini, na alipostaafu mke alitaka kurudi kwao. Wakaja, mke akafariki, yeye akabaki. Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu jamaa zake, na sikuuliza zaidi. Aliishi upande wa mbele wa nyumba moja ya zamani mtaa wa Glenwood, yenye veranda, na mimi na Mama, tuliokimbia Kongo, tulipanga chumba cha nyuma tangu mwaka 2008. Mama alishona nguo. Mimi nilisuka nywele saluni mjini. Mtu huyu nusura atuponze tufukuzwe nchini, na ni huyo huyo ninayemheshimu kuliko watu wote niliowahi kuishi nao. Watu wetu wanasimulia nusu ya kwanza tu, au nusu ya pili tu. Nataka kuziweka zote mbili mahali pamoja.

Kiswahili alikijua. Alikipata ujanani alipofundisha shule Tanganyika, na tangu siku hizo hakuna aliyekigusa. Sisi tulisema "iko", yeye alisema "ipo". Sisi tulisema "minakuja", yeye alisema "naja, kwa idhini yako". Tonton, kinyozi wetu kutoka Lubumbashi, alikuja kila Jumapili ya pili baada ya ibada kumkata zile nywele chache zilizobaki, na mara nyingi aliacha mashine ikinguruma hewani ili amsikilize vizuri.

"Ministre, ukianza kuongea ni kama habari ya redio inaanza."

"Basi nyamaza," Waziri alimjibu. "Hali ya hewa inafuata."

Jumapili hizo ndipo niliposikia habari za kazi yake. Hakuzipanga kama hadithi. Tonton aliuliza, yeye alijibu, Mama alishona mlangoni, mimi nilikaa kwenye ngazi nikimenya kitu. Kabla hajaingia bungeni aligombea mara mbili akashindwa.

"Mara ya kwanza walinikataa kwa upole," alisema. "Mara ya pili bila upole. Mara ya tatu nadhani walichoka."

"Ulikuwa unawapa nini, Ministre? T-shirt? Bia?"

"Karatasi moja yenye picha yangu. Niligonga mlango mmoja mmoja, kwenye mvua."

"Wewe mwenyewe? Kwa miguu? Bila muziki?"

"Bila muziki. Mbwa mmoja aliniuma." Akapandisha suruali akatuonyesha kovu kwenye shavu la mguu.

"Na mwenye mbwa, alikupigia kura?"

"Kura ni siri. Lakini mbwa hakuficha msimamo wake."

Tonton alicheka mpaka ikabidi azime mashine. Kisha akauliza swali alilokuwa nalo moyoni tangu mwanzo: kiti kile cha bunge aliachaje. Waziri akaeleza kwamba baada ya miaka mingi wananchi walimchagua mtu mwingine. Ilibidi asimame jukwaani matokeo yakisomwa, pamoja na wagombea wote, na mmoja wao alikuwa amevaa kama kuku, kwa sababu sheria yao haikatazi mgombea kuvaa kama kuku. Alimpa mkono aliyeshinda. Alimpa mkono na kuku. Asubuhi akaenda kuondoa vitabu vyake ofisini.

"Na jeshi?" Tonton aliuliza.

"Jeshi lilikuwa limelala, nadhani."

"Kiti ukarudisha hivi hivi?"

"Hakikuwa changu, Tonton."

Cherehani ya Mama ilikuwa imenyamaza. Sisi tumetoka mahali ambapo watu wakibadilishana kiti, wengine ndio wanakimbilia mpakani. Nilimtazama yule mzee amefungwa shuka shingoni, nywele zimemwagikia mabegani, nikaona kama ametuambia aliwahi kutembea juu ya maji na hakuona ajabu yoyote.

Asidhaniwe malaika. Alikuwa mchoyo wa majani ya chai, alichemsha majani yale yale mara tatu. Kwenye dama aliiba, na ukimkamata alisema jicho lake la kushoto halioni vizuri. Alisema hapendi kuitwa Waziri, lakini ukimwita mzee tu, alipata sababu ya kusahihisha sentensi yako. Barabarani hakuvuka mpaka robot, yaani taa za barabarani, iwe kijani, hata kama hakuna gari kutoka hapo mpaka bandarini, na sisi wengine tulisimama naye tukichomwa na jua. Kitu alichokichukia kabisa ni fomu. "Fomu ni za watu wasiojua wanachotaka," alisema. "Anayejua anachotaka huandika barua." Maneno hayo niliyasikia mara nyingi nikayapenda. Sikujua yatatufikisha wapi.

Kila Jumamosi asubuhi alitoa verandani meza nyeupe ya plastiki na viti viwili. Kwao mbunge hukaa hivyo kila wiki kumsikiliza mtu yeyote wa eneo lake mwenye shida, na yeye hakuweza kuiacha tabia hiyo. Eneo lake sasa lilikuwa sisi. Wakongo, Warundi, Watanzania wawili watatu, bibi wa Kizulu mwenye shida ya pensheni. Waliketi kwenye ukuta wa bustani wakingoja, na tumbili wa Glenwood wakipita juu ya paa kutafuta mkate wa kuiba. Alisimama kwa kila mmoja. Aliandika jina, kisha akalisoma kwa sauti na kuuliza, "Nimelitamka sawasawa?" Kuna watu ambao tangu wafike nchi hii hakuna aliyewauliza swali hilo. Zawadi alikataa. Na kila mmoja alimwambia maneno yale yale: "Sikuahidi kitu. Nakuahidi kusoma."

Watu walimsihi aweke cheo chake chini ya barua. Mama mwenyewe alimwambia, "Andika tu kuwa ulikuwa waziri, watatetemeka."

"Cheo kilikwisha," alisema. "Ukikitumia baada ya kukiacha, ni wizi."

Ndani, juu ya kabati, aliweka sanduku jekundu la ngozi lenye kitasa kilichovunjika. Tonton aliapa kwamba ndani kuna dola. Mimi nililiona limefunguliwa. Lilikuwa na nakala za barua zetu, kila mtu na bahasha yake. Upande wa ndani wa kifuniko kulikuwa na karatasi ya zamani yenye majina manne, na kila Jumamosi kabla ya kutoa meza aliyasoma kimya, midomo ikicheza. Nilidhani anasali.

Mama ndiye aliyeuliza. Alimuuliza kwa nini anaahidi kusoma tu, kitu kidogo hivyo.

Akatuambia. Alipokuwa waziri, kazi yake ilikuwa wageni wanaoomba kubaki Uingereza. Kila jioni walimletea sanduku lile limejaa mafaili, na asubuhi lilirudi limesainiwa. Jioni moja alikuwa na karamu, akasaini faili moja bila kulisoma. Familia ya watu wanne ikapandishwa ndege kurudi kwao.

"Haki yao ya kukaa iliandikwa ukurasa wa pili," alisema. "Nisingehitaji hata kufika wa tatu."

"Nini iliwapata?" Mama aliuliza.

"Baba alikamatwa palepale uwanja wa ndege. Hajaonekana tena."

Wenzake walimwambia amtaje kijana aliyeandaa faili, mambo yaishe. Akasema saini si ya kijana. Akaandika barua ya kujiuzulu uwaziri.

"Nani alikufukuza?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini uliondoka?"

"Kwa sababu asubuhi ile walikuwa wameniletea mengine ya kusaini."

Mama alirudi chumbani bila kuaga. Alikaa mbele ya cherehani bila kushona, kisha akaniambia, "Mtu wa serikali anasema kosa ni lake. Nimezeeka ndipo nasikia." Mimi nilibaki na jambo jingine. Aliyesaini watu kama sisi warudishwe ndiye huyu anayetuandikia barua tubaki. Nililigeuza kichwani siku nyingi nisijue niliweke wapi.

Mwaka 2011 ofisi ya wakimbizi ikamkatalia Mama ombi lake la ukimbizi. Karatasi ilisema ana siku thelathini za kukata rufaa. Asipokata, aondoke nchini. Waziri aliisoma mara mbili, kurasa zote tatu, kidole kikifuata mistari. Kisha akaandika barua kwa mkuu wa ofisi ile. Sijawahi kuona barua nzuri kama hiyo. Alitusomea kwa Kiswahili, na Mama alilia kusikia maisha yake yamepangwa hivyo, kitu kimoja baada ya kingine, bila kelele.

"Sasa tungoje jibu," alisema. "Barua hujibiwa. Kila mahali nilipofanya kazi, barua hujibiwa."

Mimi niliipeleka. Kwenye foleni nilikuwa nyuma ya wanawake watatu waliokataliwa kama Mama, na kila mmoja alishika fomu ya kijani. Mmoja aliniomba kalamu. Niliona neno "rufaa" kwa Kiingereza juu ya ile karatasi, ninalijua. Nikaitazama bahasha yetu nyeupe. Dirishani wakaipokea wakaipiga muhuri, nikaenda zangu.

"Ulikabidhi?" Waziri aliniuliza.

"Ndiyo."

"Kuna lolote?"

Neno la fomu lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini mimi ni mtu wa darasa la sita la Uvira, na yeye ni waziri. "Hakuna," nikasema.

Siku thelathini zikapita. Mama alipokwenda kuongezewa muda wa kibali chake cha kukaa, wakampa karatasi iliyosema hakuna rufaa kwenye faili, muda umekwisha, anatakiwa kuondoka. Alirudi akasimama uani akamwita Waziri kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.

"Ministre! Jibu lako limekuja! Wanasema nirudi kwetu!"

Alitoka. Akasoma ile karatasi akiwa amesimama. Hakusema ofisi imekosea, wala hakusema ngoja nieleze. Alisema, "Mama, kosa ni langu. Kesho twende wote."

Kesho yake alivaa suti na tai. Tulifika asubuhi foleni ikiwa imeshazunguka kona. Askari wa mlangoni aliona mzee mzungu mwenye fimbo, akamwonyesha apite mbele.

"Asante, kijana. Hawa wamefika kabla yangu."

"Ministre, pita!" Mama alimnong'oneza akiuma meno. "Leo si siku ya adabu!"

Hakupita. Alisimama mpaka karibu adhuhuri, na nilimwona anabadilisha mguu, huu, halafu huu. Dirishani alikuwepo mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. Alifungua faili, na barua ilikuwa ndani, safi.

"Baba," alimwambia, "barua yako ni nzuri. Niliisoma. Lakini barua si rufaa. Rufaa ina fomu yake."

Waziri aliinamisha kichwa. "Naomba fomu," akasema.

Kwa sababu tulikuwa tumechelewa, ilihitajika pia maelezo ya kiapo, kueleza sababu. Aliyaandika palepale, karatasi ameilaza juu ya ukuta. Aliandika kwamba mwombaji alifuata ushauri wake, kwamba ushauri ulikuwa mbaya, na kwamba mwombaji asiadhibiwe kwa kosa la mtu mwingine. Akasaini. Kisha chini ya saini, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akaandika cheo chake chote, mstari mzima.

Mama akaniminya mkono. "Ameweka! Sasa watatuogopa."

Waziri alisikia. "Hapana, mama. Nimekiweka ili wajue kwamba mimi nilipaswa kujua."

Wakati wa kurudi Mama alitangulia. Mimi nilibaki naye kwenye robot, tukingoja kijani. Nikamwambia nikiangalia chini, "Niliona ile fomu. Siku ile ya barua. Watu walikuwa nayo."

Robot ikawa kijani. Hakuvuka.

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ni Waziri."

Alisimama pale pale mpaka ikawa nyekundu tena. "Basi nilitengeneza meza ambayo mtu anaogopa kunisahihisha," alisema. "Hilo nalo ni langu." Tukangoja kijani cha pili.

Jumamosi iliyofuata watu walikuta veranda tupu na karatasi mlangoni: Nimekosea katika kazi yangu. Meza imefungwa. Tonton aliisoma akashika kichwa.

"Eish! Anademissionner! Anajiuzulu hata kwa meza ya plastiki!"

Alicheka, lakini hakuondoka. Hakuna aliyeondoka. Walikaa ukutani mpaka saa sita, halafu wakaenda. Jumamosi ya pili wakaja tena. Ya tatu, Mama, ambaye hakuwa amemsalimia tangu siku ya foleni, alizunguka mbele, akaitoa ile meza mwenyewe, akaitua verandani kwa kishindo, akagonga mlango.

"Kwenu mtu akikosa anaenda nyumbani," alimwambia. "Sisi hapa hatuna nyumba ya kwenda. Kaa. Wewe sasa ndiye mtu pekee Glenwood mzima anayejua fomu inachukuliwa dirisha gani."

Waziri alifunga kifungo cha koti. Nilidhani atakataa. Akasema atakaa kwa sharti moja: hakuna mtu atakayeondoka mezani kabla hajamwambia kitu kimoja ambacho yeye, Waziri, amekosea siku hiyo.

Watu walilipenda sharti hilo mno. "Viatu vyako, Ministre," Tonton alimwambia, "vinang'aa kuliko barua zako." Bibi wa pensheni alimwambia Kizulu chake kinamuumiza masikio. Alivipokea vyote kwa kuinamisha kichwa. Mimi ilinichukua majuma. Halafu siku moja nikaona ameandika tarehe ya mwezi uliopita kwenye fomu ya Mrundi mmoja, nikanyoosha kidole, nikasema, "Hapa." Alisimama. Alinishukuru kama mtu aliyevutwa kando gari likipita.

Ofisi ilikubali kuisikiliza rufaa ya Mama ingawa ilichelewa. Kusikilizwa kwenyewe kulichukua miaka. Kila baada ya miezi kadhaa Mama alikwenda kuongezewa muda, na kila alipokwenda alifungasha begi dogo kwanza, asije akaambiwa hapo hapo. Waziri alimsindikiza mpaka miguu ikakataa. Macho yakafuata. Mwaka 2014 wakamhamishia nyumba ya wazee juu kilimani, na sisi tukabaki na meza. Mimi naijazia watu fomu. Nauliza majina kama yeye alivyouliza.

Mwaka uliofuata uamuzi ukatoka. Mama alishika ile bahasha kifuani, akanipa.

"Nenda wewe. Mimi nitalia, na yule hajui afanye nini na mtu anayelia."

Chumba chake kilikuwa na kitanda, kiti na redio inayotangaza kriketi. Sanduku jekundu lilikuwa dirishani. Alikaa ameelekea mwanga ingawa haukumsaidia. Niliingia, na kama kawaida yangu maneno yakakwama. Akasikia hatua. Akashika mkono wa kiti, akavuta pumzi, akaanza kuinuka. Muuguzi akamwambia, "Kaa tu, baba," hakumsikiliza. Alipokwisha kusimama, vidole vyake vilitafuta kifungo kifuani. Alikuwa amevaa sweta. Hakikuwepo.

"Karibu, tafadhali," alisema.

Nikatoa ile bahasha.

"Ah, ni wewe. Wengine wote huanza na habari za asubuhi." Alizima redio kwa kupapasa. "Imekuja?"

"Imekuja. Waziri, Mama ame..."

"Usiniambie. Soma."

Nilimwomba akae kwanza, akatikisa kichwa. Basi nikasoma, Kiingereza, polepole, neno moja moja, na nilipokosea matamshi hakunisahihisha hata mara moja. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Kwenye wa pili waliandika kwamba rufaa ililetwa kwa kuchelewa, na kwamba maelezo ya kiapo ya sababu ya kuchelewa yamekubaliwa. Aliushika mkono wa kiti kwa mikono miwili. Nikafungua wa tatu. Waliandika kwamba Mama anatambuliwa kuwa mkimbizi na ana haki ya kubaki. Nilisita hapo, nikadhani atasema kitu.

"Endelea. Mpaka mwisho."

Nikasoma mpaka mwisho, na jina la aliyesaini, na tarehe.

"Huyo aliyesaini," aliuliza, "unadhani alisoma?"

Nilirudi nyuma nikatafuta kwa kidole. "Ameandika mpaka jina la mtaa wetu wa Uvira," nikasema. "Na ameliandika sawasawa."

"Basi alisoma," alisema, na ndipo akakaa.